Wanaopita Mlangoni

Arop alirudi kutoka Lodwar na maneno mageni mdomoni, na la kwanza alilomtolea mkewe lilikuwa swali.

"Mama Athieng, mteja wetu ni nani?"

Ayen alikuwa amechuchumaa uani akipepeta mtama wa mgao. Hakuinua kichwa. "Umefungua duka huko Lodwar?"

"Nasema kanisani. Mteja wa kanisa letu ni nani?"

"Kanisani kuna Mungu na kuna watu. Wateja wako sokoni kwa Wasomali." Akapuliza makapi. "Nenda ukaoge. Hilo vumbi la barabara limekufanya kama mtu aliyefufuliwa jana."

Arop akacheka, akaenda kuoga. Lakini swali halikumtoka. Alikuwa mchungaji wa kanisa la matofali ya udongo nyuma ya shule, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma One, na kwa miaka miwili alikuwa akilitazama likipungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Tangu Sudan Kusini ipate uhuru, familia moja baada ya nyingine zilifunga virago, zikapanda malori ya kwenda Nadapal na kuvuka mpaka kwenda kuijenga nchi yao. Kila lori lilipoondoka, mabenchi yalibaki wazi. Waliosalia walikuwa wazee, kina mama, na watoto waliokuwa wakimalizia shule. Sasa, Agosti ya 2013, Arop angeweza kusimama mimbarani na kumtaja kila muumini kwa jina bila kuvuta pumzi ya pili.

Pastor Gitau, msimamizi wao aliyekaa Lodwar, hakuwa ameficha jambo. Kanisa lisilokua ni mzigo, alisema. Hali ikibaki hivyo mpaka Krismasi, jengo litapewa kundi lingine lenye watu. Lakini hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempigania Arop apate kibali cha kutoka kambini, aende kwenye semina ya uongozi na ubunifu.

Safari yenyewe ilimfundisha kabla ya semina. Kwenye kizuizi cha polisi abiria wote walibaki wameketi, ila yeye akateremshwa na karatasi yake ikasomwa mbele na nyuma, kisha ikasomwa tena. Kwenye ukumbi wa hoteli, kadi waliyomning'iniza shingoni haikuwa na jina lake. Iliandikwa "Kakuma" tu. Kisha Gitau, kwa nia njema kabisa, akamsimamisha mbele ya wachungaji wenzake. "Huyu ni ndugu yetu mkimbizi," akasema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Arop alisimama akitabasamu, asijue ni jambo gani alilofanya hata apigiwe makofi.

Wasemaji karibu wote walisema Kiingereza kirefu. Aliyemgusa ni mama mmoja aliyeitwa Jerusha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na yeye alisema Kiswahili.

"Mimi nilikuja Lodwar kutoka Nyeri," aliwaambia, "nikajaza duka na vitu vizuri. Mnajua nilileta nini? Mifereji ya mvua! Hapa!" Watu wakacheka. "Chekeni, mimi nililia. Nilikuwa nauza Nyeri nikiwa Turkana. Siku moja nikachukua stuli nikakaa nje ya duka langu mwenyewe. Nikaacha kuangalia wanaoingia, nikaangalia wanaopita. Mama mmoja wa Kiturkana akanisalimia, ejok, nami nikamuuliza: mama, mbona unapita tu? Akaniambia, kwako hakuna kamba, hakuna jerikeni, nitaingia kufanya nini? Wachungaji, nyinyi mnawahubiria walioingia. Nani kati yenu amewahi kukaa nje na kuwauliza wanaopita?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Na Arop alirudi Kakuma na swali hilo tu, mengine yote akayaacha Lodwar pamoja na ile kadi.

Jumapili iliyofuata alimwachia mzee Nyang sala za mwanzo, akatoa kiti cha plastiki akaketi nje, pale njia ya kwenda bombani inapopinda. Ndani, kina mama wa kwaya walikuwa wameanza. Ayen ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na sauti yake ilipita juu ya ngoma, kavu na safi. Walikuwa wakiimba kwa Kidinka, kila mmoja na msalaba wa mti mkononi, nyimbo walizozitunga wenyewe njiani walipokuwa wakikimbia vita.

Aliyepita wa kwanza alikuwa Marie-Claire, fundi cherehani Mkongomani, na watoto wake.

"Mama, habari ya asubuhi. Mbona unapita tu? Ibada iko hapa."

Marie-Claire akasimama, akamtazama kama mtu anayehofia mtego. "Pasta, mimi napitaka hapa kila Siku ya Mungu. Munaimba kwenu, munalia kwenu. Ni muzuri sana. Lakini sisi tutasimama pa mulango kama batu banakuja kuomba chumvi."

"Hakuna aliyewafukuza."

"Hata aliyetuita hakuna."

Baadaye akapita Thuok, Mnuer mrefu aliyefika kambini mwaka uliotangulia kutoka jimbo la Jonglei, pamoja na mkewe Nyabol aliyebeba mtoto mgongoni. Arop akawauliza swali lilelile. Thuok akagusa paji lake la uso, ambapo mistari sita ya chale za Kinuer ilipita kutoka sikio hadi sikio.

"Pastor, mimi nilikuja mara moja. Mimi nafika mlango, wazee naangalia hapa." Akagonga paji kwa kidole. "Hapa chini kuna macho, kuna mdomo. Hiyo hawaoni."

Wazee aliokuwa akiwasema Thuok walikuwa wake, Wadinka waliokumbuka vita na Wanuer. Mmoja wao, Nyang, alikuwa ndani wakati huo huo akiongoza sala.

Aliwaza wiki nzima, na kadiri alivyowaza ndivyo alivyowaka. Alizungumza na Gitau kwa simu. Alizungumza na vijana. Akampata Mkongomani mmoja anayejua kinanda. Jumapili ya pili ya Septemba akasimama mbele ya watu wake, akatangaza: kuanzia sasa ibada itakuwa kwa Kiswahili, ili kila apitaye aelewe. Kutakuwa na watu wa kukaribisha mlangoni, kutoka kila kabila. Kutakuwa na kwaya mpya ya mchanganyiko.

"Na kwaya ya kina mama?" akauliza mzee Nyang.

"Kina mama watatuimbia nyimbo mbili mwanzoni. Halafu tunaendelea."

Ayen alikuwa amesimama mbele na wenzake, shuka jeupe limefungwa begani, msalaba mkononi. Nyimbo za siku hiyo walikuwa bado hawajazifikia hata nusu. Wenzake wakamgeukia, wakidhani yeye, mke wa mchungaji, alikuwa akijua. Hakuwa akijua. Alisikia pamoja na wote, na wote wakaona kwamba anasikia pamoja nao. Akautwaa msalaba wake begani kama mtu anayebeba jembe akitoka shambani, akapita katikati ya mabenchi, akatoka. Kina mama wakamfuata.

Nyumbani Arop alimkuta akiwasha moto.

"Ulinitia aibu," Arop akasema.

Ayen akageuka polepole. "Nani alimtia nani aibu, Baba Athieng?"

"Nilikuwa nakuja kukueleza. Mambo yalikwenda haraka. Gitau anataka..."

"Ulikwenda Lodwar ukafundishwa kumsikiliza mtu anayepita njia. Vizuri. Umemsikiliza Mkongomani, umemsikiliza Mnuer, umemsikiliza na Gitau kwenye simu. Mimi ninayelala humu ndani, mimi ulinisikiliza lini?"

Arop akaketi juu ya jerikeni. Alitaka kujibu kwa yale maneno ya semina, lakini yote yalionekana madogo mbele ya ule moto.

"Basi niambie sasa," akasema.

"Sasa umeshatangaza. Ukisikiliza baada ya kutangaza, huko ni kuomba radhi tu." Akaweka sufuria. "Kila wimbo katika zile una watu ndani yake. Kuna watoto tuliowaacha kando ya njia. Hawana mahali pengine. Wewe umewapa nyimbo mbili, na wengine wakae kimya kwa sababu mteja haelewi."

Tangu siku hiyo hakurudi kanisani. Kina mama wakawa wanakusanyika uani kwake Jumapili mchana, na Arop akawa analala huko nje, kwa visingizio vya joto. Chakula alipewa, maji ya kuoga aliwekewa. Ila Ayen hakukaa naye akila, na hilo kwake lilikuwa zaidi ya matusi.

Kanisa, kwa upande wake, lilijaa. Hilo ndilo lililomchanganya. Marie-Claire alileta wenzake, nao wakaleta waume zao. Thuok akaja na ndugu zake wa Kinuer, wakaketi kwanza karibu na mlango, kisha wakasogea. Nyabol akajiunga na kwaya mpya. Gitau akapiga simu kutoka Lodwar, sauti imejaa furaha: "Mchungaji, unaona? Huo ndio uongozi!" Arop akasema asante. Kisha akaenda kula peke yake.

Katikati ya Desemba risasi zililia Juba.

Habari zilifika kwa redio na kwa simu, na kila simu ilileta kisa chake. Wadinka walisema Wanuer wanaua. Wanuer walisema Wadinka wanakwenda nyumba kwa nyumba. Pande zote mbili zilikuwa na wafu wa kutaja kwa majina. Baada ya siku chache kambi ilikuwa imegawanyika bila mtu kuigawa. Vijana walikaa kwa makundi wakishika mawe, polisi wakazunguka katikati yao, na mtu aliyekuwa akichota maji bomba hili akaanza kwenda la mbali. Thuok na watu wake hawakuonekana tena kanisani. Kisha ikasemekana mji wa Bor, kwao Wadinka, umeshikwa na waasi wa Kinuer.

Ayen alikuwa na kaka mmoja tu aliyebaki, Akuch, na Akuch alikuwa Bor. Simu yake haikuita. Siku chache kabla ya Krismasi binamu yao akapiga kutoka ng'ambo ya mto, akasema kwa sauti iliyokwisha nguvu kwamba Akuch hakuwahi kuvuka. Alipigwa risasi ukingoni, akisubiri mtumbwi.

Msiba ukakaa kwa Arop. Watu walijaa uani mpaka barabarani, na Ayen alikaa chini akiegemea ukuta, amevua shanga zote. Arop aliketi karibu naye, na Ayen hakumfukuza. Siku ya pili Marie-Claire akaja, akainama sikioni mwake.

"Mama Pasta, Nyabol amenituma. Anauliza kama anaweza kuja kulia na wewe. Na yeye hana habari ya mama yake huko Juba."

Mzee Nyang alikuwa karibu, akasikia. "Mwambie akae kwao," akasema. "Asilete miguu hapa."

Marie-Claire alibaki akimtazama Ayen, akingoja.

"Usiniulize leo," Ayen akasema. "Leo sijui kitu."

Marie-Claire akaondoka na jibu hilo, ambalo halikuwa jibu.

Usiku wa kuamkia Krismasi Gitau akapiga simu. "Mchungaji, linda watu wako. Kiongozi mzuri anajua wakati wa kupanua na wakati wa kupunguza hatari. Waambie hao wengine wakae kwao wiki mbili tatu, mambo yapoe." Baada yake wakaja wazee, Nyang mbele, na wakasema jambo lilelile kwa maneno makali zaidi. Arop alikuwa amechoka. Alimfikiria Ayen aliyelala ndani na uso wake umevimba kwa kulia. Akasema, "Haya."

Asubuhi ya Krismasi Ayen alikuja kanisani. Kina mama walikuwa wamemwambia asibaki peke yake, wakamleta wamemzunguka, akaketi nyuma kabisa. Kundi la vijana wa Kidinka lilikuwa limesimama mlangoni. Nyang akaenda mbele.

"Kwa heshima ya kilio cha Mama Athieng," akasema, "na kwa ajili ya damu ya kaka yake Akuch, wale watu hawatakaa humu ndani leo wala siku nyingine. Mchungaji amekubali."

Ayen akainuka. Haikuwa rahisi, ilibidi ashike bega la jirani yake. Akamtazama mumewe kule mbele.

"Umekubali?"

"Nilidhani," Arop akasema, "nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Uliniuliza?"

Watu wote walikuwa wakimtazama Arop, na safari hii aibu ilikuwa yake.

Ayen akamgeukia mzee. "Mzee Nyang, kaka yangu si kufuli. Usimtundike mlangoni."

"Binti yangu, wamemuua!"

"Najua. Sijasema nimemsamehe mtu. Nikimfikiria aliyempiga risasi, mkono wangu unatafuta jiwe. Lakini Nyabol hakuwa Bor. Nyabol alikuwa hapa, akatuma mtu kuniuliza kama anaweza kulia na mimi, nami nikakosa jibu. Tangu hapo sijalala." Akajifunga shuka vizuri. "Marie-Claire, unajua nyumba yao?"

"Najua, mama."

"Twende."

Arop akashuka mimbarani. "Nakwenda na wewe."

"Baki hapa. Wakimwona mwanamume wa Kidinka anakuja, watashika mawe."

Wakatoka, na kati ya kina mama wote waliinuka wawili tu kuwafuata. Vijana mlangoni walitazamana. Mmoja akataka kusema neno, akamwona Ayen usoni, akasogea pembeni.

Nyang hakupaza sauti tena. "Arop, mimi nimezika watoto wawili kule. Usinihubirie leo," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akachukua fimbo yake, akatoka, na wanaume wengi wakatoka naye, na familia zao.

Tuseme hapa kilichofuata baadaye, ili kisisumbue. Gitau alikuja mwezi wa kwanza, wakati malori yalikuwa sasa yakirudi kutoka Nadapal yamejaa watu, akayatazama mabenchi na waliokaa juu yake mpaka mwisho wa ibada. Jengo halikuchukuliwa. Kina mama walirudishiwa nyimbo zao za asubuhi, na mtu akawa anaeleza kwa Kiswahili kila wimbo unamlilia nani. Nyang hakurudi mpaka Pasaka, na aliporudi aliketi karibu na mlango, hakumpa mtu mkono. Thuok naye alichukua muda kurudi.

Lakini asubuhi ile ya Krismasi Arop hakujua lolote kati ya hayo. Alisimama mlangoni, kanisa nusu tupu nyuma yake, akitazama njia nyeupe kwa jua mpaka macho yakamuuma. Alijaribu kuomba, akawa anarudia jina la mkewe tu. Binti yake Athieng akaja akasimama karibu naye, akamshika mkono wa kanzu. Kila kivuli kilichotokea kwenye kona kiliufanya moyo wake uruke, kisha kikawa cha mbuzi, kisha cha mtu wa mkaa.

Halafu akawaona. Ayen alikuwa mbele, anatembea polepole kama mgonjwa. Nyuma yake Marie-Claire alikuwa amebeba mtoto asiye wake. Kisha Nyabol, kitambaa cheusi kichwani, na watoto watatu wameshikana mikono, na bibi kizee anayejikongoja kwa fimbo, wale kina mama wawili wakimshika pembeni. Thuok hakuwapo.

"Amesema akija yeye, vijana wa pande zote mbili watamfuata nyuma," Ayen akasema alipofika. "Amewatoa watoto wake waje. Unaelewa ametoa nini?"

"Naelewa."

Ayen akawaingiza. Hakuwaweka karibu na mlango. Aliwapeleka mpaka benchi la mbele, akakaa katikati yao. Nyabol alijikunja akaanza kulia bila sauti. Ayen hakumkumbatia, bado hakuweza, lakini aliuweka mkono wake juu ya benchi kati yao wawili, na baada ya muda Nyabol akaushika.

Arop akapanda mimbarani. Alikuwa na mahubiri ya Krismasi aliyoyaandaa tangu Novemba. Akayatafuta kichwani na hakukuta hata sentensi moja iliyofaa kusemwa. Akawatazama watu. Wakamtazama. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili, mbele ya wote:

"Mama Athieng, tuanze na nini?"

Ayen akawaza. Akawatazama watoto wa Nyabol, midomo imekauka, miguu imejaa vumbi hadi magotini.

"Watoto wametembea juani," akasema. "Wape maji kwanza."

Mchungaji akashuka. Akachukua jagi na kikombe kutoka kona, akapiga magoti mbele ya mtoto mdogo kuliko wote, akammiminia. Kisha wa pili. Kisha bibi kizee, ambaye alikishika kikombe kwa mikono miwili na kunywa akimtazama usoni. Jagi likaisha kabla hajamaliza benchi hilo. Akainuka, akaenda kuchota jingine.